Mgeni Njoo, Mgeni Alipe

Kuna adhabu ambayo haimo katika sheria yoyote ya Tanzania: kukaa Ulaya miaka mingi, kisha ukajitia unarudi Mafia kula likizo kama ulivyokula utotoni.

Zamani hizo, shule zikifungwa Desemba, tulipakiwa jahazini Dar pamoja na magunia ya sembe, tukatapika kwa zamu hadi Kilindoni. Siku hizi unapanda basi Mbagala, unashuka Nyamisati, unaingia botini, unaikata mikoko ya delta ya Rufiji, na unafika shati lako bado limenyooka. Sina kinyongo na boti. Kinyongo changu kinaanzia gatini, pale shangazi aliponipokea.

Shangazi huyu hakuwa na mambo ya karibu-karibu. Nilikuwa sijatua kifurushi keshanipa ndoo: "Kisima unakijua, na ukirudi nazi zinakungoja." Safari hii kanipokonya begi. Mtu wa miaka sabini na ushei, na goti bovu! Nyumbani nikatandikiwa jamvi jipya peke yangu, nikaletewa sahani ya maua, uma na maji ya chupa. Watoto wamezunguka sinia moja barazani, wanagombania kichwa cha changu, wanacheka. Mimi natazamana na uma.

Nikaomba nifue nazi. Kifuo ni kilekile, kimechomekwa palepale nyuma ya jiko. Ukoo mzima ukatoka na simu. Nikaikita nazi, nikaigeuza, nikaikita tena, kumbi likaachia vizuri tu. Hilo mpwa wangu hakulirekodi. Alichorekodi ni nilivyoshika kiuno baadaye, na kabla ya magharibi video ilikuwa imeshafika Tanga na Leeds, mke wangu anapiga simu kuuliza kama nimekata bima.

Halafu kuna papa potwe. "Mjomba, kesho tukakuonyeshe potwe!" Unionyeshe nini, mtoto wewe? Huyu tulikuwa tukimwona msimu huuhuu wa kaskazi, hapohapo mbele ya Kilindoni, mita saba nzima, kaachama anachota uduvi wake, hana habari na mtu. Hatukumlipia, naye hakutulipisha. Sasa nikasomewa hesabu: boti, koti la kuogelea, miwani ya maji, na kijana wa kunionyesha samaki yuko upande gani. Nikauliza bei ya ndugu. Mpwa akasema ipo, ila ni ya ndugu wanaoishi huku.

Ndipo nikakumbuka kwamba ukarimu wa Mafia una historia yake. Husimuliwa kuwa watu wa Kua, mji uliobaki magofu pale kisiwani Juani, walilipiza kisasi kwa watu wa Kisimani kwa kuwaalika harusini. Wageni wakaingizwa chumba cha chini ya ardhi, wakalishwa wakashiba. Wenyeji wakachomoka mmoja mmoja, akaachwa mzee mmoja awapigishe soga, na mlango ukajengewa. Mzee naye humohumo! Sisemi kwamba shangazi ana mpango huo. Lakini usiku ule nilipoona watu wanaondoka barazani mmoja mmoja, kabaki babu wa jirani ananiuliza habari za baridi ya Leeds, nilisogeza kiti mpaka nje kabisa.

Aliyenipa raha ni nahodha mmoja wa Utende. Nilikuwa navuka kwenda Chole kuwatazama popo, wale wanaoning'inia mitini mchana kutwa wakizozana kama wapangaji wenye bomba moja. Nahodha hakuniuliza nimetoka wapi wala narudi lini.

"We bwana mnene, sogea kati, utatujaza maji!"

Nikasogea.

"Na hilo guu litoe kwenye wavu wangu!"

Jamani! Tangu nishuke Kilindoni hakuna aliyenisemesha kama mtu wa nyumbani. Nikampa nauli ya kwenda na ya kurudi kabisa, na chenji nikamwachia. Alasiri nikateremka pwani Chole: maji yamekupwa, mashua imelalia ubavu kwenye matope, na mwenyewe anakoroma chini ya mwembe. Nikamgusa bega. Akafungua jicho moja.

"Maji hayajali," akasema, akageukia upande wa pili. "Nawe usinisimamie kichwani, unaniletea nzi."