Ukuta wa Tarime

Kikao kilikuwa Mugumu, saa nne asubuhi. Nilishuka kwenye Noah nimezikumbatia nakala sitini za grafu ya mavuno kama mtoto mchanga. Vumbi la njia ya Nyamongo lilikuwa limenibadilisha rangi, ila karatasi zilifika safi. Usafi wenyewe uliishia mlangoni.

Grafu ilikuwa na vyumba vinne: juu mahindi, chini mtama, kushoto wilaya ya Serengeti, kulia ya Tarime. Sikupanga mimi. R, programu niliyochorea, usipoiambia kitu hupanga majina kwa alfabeti, na S hutangulia T. Sasa kawaeleze hayo Wakurya wa Tarime.

"Mura," mzee mmoja akaniita, miwani kaishusha hadi ncha ya pua. "Serengeti wana ukuta. Sisi mbona tuko wazi?"

Nikatazama. Kweli. Nilikuwa nimechagua ule mtindo unaofuta miraba yote ya nyuma na kubakiza mihimili mitupu. Kumbe vyumba vikikaa pamoja, mhimili wa wima huchorwa kushoto kabisa tu, na wa ulalo chini kabisa tu. Mahindi ya Tarime, chumba cha juu kulia, hayakupata mstari hata mmoja. Nguzo zake zilielea kama nguo zilizoachwa na kamba.

"Na Mto Mara umeuficha wapi?" akadakia mwingine. Mto ndio mpaka wa wilaya hizi mbili, na yeye alikuwa anautafuta kwenye karatasi yangu. Nikajibu kwamba hii si ramani. Afadhali ningenyamaza.

Pembeni, mama mmoja alikuwa anausoma mhimili kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea mwenzake vocha: "Moja, e, jumlisha, sifuri, tano." Akainua macho. "Mwanangu, tulivuna mahindi au tulivuna hesabu?"

Ilikuwa kilo laki moja. R ikiona sifuri zimekuwa nyingi huamua yenyewe kuzifupisha, haimuulizi mtu. Na hizo kilo nani aliziomba? Wale wanahesabu magunia.

Lakini kilichonimaliza ni majina ya misimu. Usiku wa kuamkia safari, "Masika 2021" na "Vuli 2021" yalikuwa yamepandiana kama abiria wa Hiace, nami kwa ujanja wangu nikayasimamisha wima. Ikabidi wajumbe wote sitini walaze karatasi ubavu ili wasome. Ukiilaza hivyo, upande wa kushoto unakwenda juu na wa kulia unakwenda chini. Mzee wa ukuta akakohoa.

"Sasa mmetutia chini kabisa."

Kikao kikaahirishwa hadi kesho yake. Usiku huo, gesti, nikagundua kwamba ggplot2, ile nyongeza ya R ya kuchorea, tangu toleo la 3.5.0 la mwaka 2024 ina amri ya kukipa kila chumba mihimili yake, na nyingine ya kuacha namba pembeni tu zisijirudie. Laptopu yangu ilikuwa bado na toleo la zamani, na bando lilikuwa limebaki la kuombea dua. Likatosha. Kilo nikazigawa kwa mia, yakawa magunia. Msimu nikauandika juu, mwaka chini yake, shingo zikapona. Kisha wilaya nikazipanga kama zilivyokaa: Tarime juu, kaskazini ya mto, Serengeti chini, kusini yake.

Asubuhi, kwenye nakala mpya, mzee akapitisha kidole kwenye ule mwanya mweupe katikati ya vyumba. "Ehe. Mto si huu hapa?" Kikao kikaendelea.

Zile nakala sitini za mwanzo nilimwachia dada anayeuza maandazi stendi. Kwa hiyo ukishuka Mugumu, ukafungiwa andazi kwenye karatasi iliyoandikwa 5e+04, usihangaike nayo. Ni magunia mia tano.