Uso Umechoka, Bosi

Mwanaume akienda kunyoa Bariadi mjini, kunyoa kwenyewe ndiyo kazi ndogo. Kinyozi akishazima mashine na kukupaka spiriti kisogoni, anatokea binti mwenye taulo la moto, na swali lake halina mlango wa kutokea: "Bosi, tukufanyie skrabu? Uso umechoka." Ukikataa, umekiri mbele ya foleni nzima kwamba uso umechoka kweli na hela huna. Nilimuuliza huduma hii inatakiwa kila baada ya muda gani. "Kila ukija, bosi." Na nikija keshokutwa kupunguza ndevu tu? "Uso unachoka kila siku, bosi."

Wataalamu wa ngozi wana huruma kidogo. Ngozi ya mtu ambaye umri haujamtupa mkono hujivua na kujijenga upya kwa siku 28 hivi. Miaka ikisogea, nayo huchelewa. Ndiyo maana wengi husema usafishaji wa saluni utoshe mara moja kwa wiki nne. Hesabu hiyo ilinipendeza kwa kuwa mimi ni mwalimu, na mshahara wangu nao huja kwa mwendo huohuo. Tofauti yake, ngozi haikatwi mkopo.

Ila aliyepiga hesabu hiyo hajapanda bodaboda kwenye njia za vumbi za Itilima mwezi wa nane. Wasukuma tuna majina ya udongo wetu, luseni ule wa kichanga, mbuga ule mweusi unaong'ang'ania, na kiangazi wote hukutana usoni pa abiria. Kwenye Nane Nane pale Nyakabindi nimeona mgeni rasmi, mkulima na ng'ombe wa maonyesho wakitoka uwanjani na rangi moja.

Jirani yangu analima pamba, zao ambalo mkoa huu ndio kinara wake nchini, na pamba hulipa kwa msimu. Basi saluni anaikanyaga mara moja kwa mwaka, AMCOS ikishamlipa, na siku hiyo anafanyiwa kila kilichoandikwa ukutani hadi kucha za miguu. Nilimweleza habari ya siku 28. Akafikiri. "Mwalimu, ngozi inayovunwa mara kumi na tatu kwa mwaka, mbegu yake inapatikana wapi?"

Mke wangu yeye anaruhusu skrabu kwa harusi tu, tena ya ukoo. Anachohofia ni mkorogo, na hapo simbishii: vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini zamani, lakini ukiuliza ndani ya kopo lisilo na lebo mna nini, utaambiwa asali.

Mwisho wa mwezi mmoja nikapandishwa daraja hadi maski nyeusi, ile ya mkaa inayopakwa, ikakauka, ikabanduliwa. Ilipomalizwa kupakwa, umeme ukakatika. Feni ikasimama, jasho likashuka, maski ikagoma kukauka. Hapo simu ikaita: baba mkwe ameshuka stendi kutoka Maswa, na dereva wa bodaboda anayenifahamu amemleta hadi mlangoni pa saluni. Mkwe hafichwi. Nikatoka.

"Mwadila, baba."

Mzee aliweka kuku wake chini taratibu. "Ng'wanawane, umeungua?"

Binti akawahi kunitetea. "Hapana mzee, anafanyiwa skrabu. Uso umechoka."

Mzee akanitazama mimi, mtu ninayeshinda kivulini na chaki, akauliza uso huo umechoshwa na nini. Binti, ambaye siku zote ana jibu, akaanza kukunja taulo.

Maski ilipobanduliwa ilikuja na kipande cha sharubu ninazozitunza tangu chuo. Yowe nililopiga lilimwingiza mzee ndani na fimbo juu, na wateja wawili wakaondoka bila kumaliziwa kunyolewa. Kisha akasikia bei, shilingi 15,000. Akamwangalia kuku, akaniangalia mimi, akamwangalia tena kuku. Njia nzima hadi nyumbani hakusema neno.

Msimu wa pamba uliofuata alipiga simu usiku. Hakuulizia wajukuu, hakuulizia mvua.

"Baba, yule binti wa taulo bado yupo? Maana wangu nao umechoka. Tena huu wangu umelima."