Barua ya Wazi: Kuomba Fomu ya Mtoto Anayesinzia

Afisa Elimu ya Awali na Msingi,
Halmashauri yetu (jina unalo).
K.K. Mwalimu Mkuu, K.K. Afisa Elimu Kata.

YAH: KUOMBA FOMU YA MTOTO ANAYESINZIA DARASANI

Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu.

Ndugu Afisa Elimu, kwanza nikupongeze kwa kazi nzito ya kuhakikisha kwamba walimu wako hawakai bure. Muhula huu tumekujazia fomu ya madawati, ya matundu ya vyoo, ya miti iliyopandwa, ya miti iliyokufa, na ya walimu wanaokaribia kustaafu. Zote zilikuwa za haraka. Ujumbe huingia kwenye grupu la WhatsApp saa nne asubuhi, vipindi vikiwa vimekolea, ukisema takwimu zifike kabla ya saa sita "bila kukosa", na papo hapo walimu wakuu wa kata nzima wanajibizana: "Imepokelewa mkuu", "Tupo pamoja bosi". Mwalimu aliyeshika chaki anaiweka, anamwachia kiranja kazi ya kuandika majina ya wapiga kelele, anatoka kwenda kuhesabu matundu. Matundu ni yaleyale ya mwezi uliopita, maana hayazaani. Lakini maelekezo ni maelekezo.

Basi kwa moyo huohuo wa kuzipenda takwimu, naomba unipatie fomu moja ambayo nimeitafuta ofisi nzima nikaikosa.

Nina mtoto wa darasa la sita anayekaa karibu na dirisha. Kipindi cha kwanza anaandika vizuri, hati yake imenyooka kuliko ya kwangu. Ikifika kipindi cha tatu, kichwa kimelala juu ya daftari. Siku moja nilimsogelea nimwamshe, sweta lake likawa linanukia mafuta ya kukaangia, na vidole viwili vya mkono wa kulia vina malengelenge. Anaamka saa tisa usiku kumsaidia shangazi yake kukaanga maandazi, saa kumi na moja anayapeleka standi kwa abiria wa basi la kwanza, kisha ndiyo anakuja shuleni kuwahi namba. Mtoro si yeye. Mahudhurio yake ni ya kupigiwa mfano. Si mjamzito, hana ulemavu, si yatima kwa maana ya fomu yako, kwa sababu baba yupo, ila haijulikani yupo wapi. Nimepekua kila safu ya kila karatasi uliyotuletea na hakuna anapoingia. Kwa mujibu wa kumbukumbu zetu sote wawili, mtoto huyu hana tatizo lolote.

Utauliza kwa nini nisimsaidie mwenyewe, wakati mimi ndiye mwalimu wa ushauri na unasihi wa shule. Swali zuri sana. Waraka wa Elimu Na. 11 wa 2002 ulielekeza huduma hizo ziwepo shuleni na vyuoni, na shule yetu imeutekeleza kikamilifu. Niliteuliwa kwenye kikao cha walimu, katika mengineyo, kwa sababu ya sura yangu ya upole. Mafunzo yangu ya unasihi yalichukua muda uleule uliotumika kuandika jina langu kwenye ubao wa mgawanyo wa majukumu.

Chumba tunacho. Wiki moja kabla ya wathibiti ubora kufika, mlango ulipakwa rangi ya bluu na kuandikwa CHUMBA CHA UNASIHI kwa herufi ambazo hata ofisi yako haina. Ndani mna magunia ya mahindi, majembe, nyavu za goli, ngoma ya mchakamchaka na kopo la rangi iliyobaki. Mlango ulikaguliwa, ukapewa tiki. Mazungumzo ya siri nayafanyia chini ya mwembe, mbele ya darasa la tano walioko kwenye michezo, ambao jioni humfikishia mama wa mtoto taarifa kamili kuliko ambayo ningeiandika mimi.

Hata hivyo magunia yangehamishwa leo, lingebaki suala la fimbo. Mimi pia ni mwalimu wa nidhamu. Kanuni zinasema viboko visizidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Mwidhinishwa ni mimi, na kitabu ninacho kwenye droo moja na daftari la unasihi. Kwa hiyo Jumanne namchapa mtoto kwa kuchelewa namba, na Jumatano natarajiwa kumketisha mtoto yuleyule anieleze kwa nini alichelewa, afunguke, anione kama mzazi wake. Jambo la kushangaza ni kwamba hawafunguki. Wanasema "hamna kitu mwalimu", huku macho yao yakiwa kwenye mkono wangu wa kulia. Labda uandaliwe utafiti.

Kuhusu kutuendeleza kitaaluma, sina lawama. Tunaendelezwa hadi tunachoka. Tunayo MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na hapa naomba niweke kejeli pembeni kidogo, kwa sababu wazo lenyewe ni zuri kuliko semina nyingi: walimu wa shule moja wakae, mmoja aseme sehemu za desimali zimemshinda kufundisha, mwingine amwonyeshe alivyozifundisha yeye. Hakuna posho, hakuna safari, hakuna mgeni rasmi. Ndiyo maana sielewi ni nani aliyeamua kwamba uthibitisho wa kikao hicho uwe picha. Sasa tunakutana Ijumaa, tunapanga viti mduara, tunapigwa picha ya kwanza tukisoma moduli, ya pili mwenzetu akiwa amenyoosha mkono ubaoni, ya tatu ya pamoja. Picha zinarushwa kwenye grupu, kata inajibu "Hongereni sana", na viti vinarudishwa. Desimali zinasubiri Ijumaa ijayo.

Mtaala ulioboreshwa ulipoanza kutumika Januari 2024 hatukuachwa nyuma. Mafunzo yalitoka taifani yakiwa maziwa mazito. Mkoani yakaongezwa maji, wilayani yakaongezwa, kata nayo ikatia kikombe chake. Mwenzetu aliyehudhuria alituwasilishia kilichobaki kwa dakika ishirini kabla ya kengele ya kutoka: mambo yamebadilika, tutumie mbinu shirikishi, PDF itatumwa. Ikama ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Darasa langu ni ikama mbili na chenji, wanne kwa dawati. Nikisema "jadilianeni kwa makundi", kundi la nyuma linaingia darasa la jirani.

Tulifurahi tulipoambiwa kwamba wakaguzi sasa ni wathibiti ubora, na kwamba wanakuja kutusaidia. Na ukweli usemwe, alikuja mmoja, mama wa makamo, akaketi nyuma ya darasa la tatu kipindi kizima bila kugusa faili. Alikuwa anachora. Alichora madawati yote, na kila mtoto aliyeulizwa swali akamwekea nukta. Kengele ilipolia akakaa na mwalimu kwenye benchi la nje, akamwonyesha karatasi: nukta zimejaa mbele na katikati, upande mzima wa ukutani ni mweupe. Hakumkaripia. Walizungumza juu ya watoto wa ukutani mpaka chai ikapoa, na tangu wiki ile mwalimu yule anafundisha akitembea. Huo ndio msaada pekee wa kitaaluma niliowahi kuuona ukifanyika kwa macho yangu. Taarifa rasmi ya ziara ilipokuja, haikuwa na safu ya nukta. Ilisema andalio la somo halina sahihi ya mwalimu wa taaluma, na shajara haijajazwa.

Najua ukifika hapa utaona haja ya kikao cha wadau. Tafadhali usikiitishe. Nimeshajua azimio lake: wazazi waelimishwe. Shangazi wa yule mtoto wa dirishani hahitaji kuelimishwa. Elimu ni bila malipo tangu 2016, ada hakuna, lakini mahindi ya chakula cha mchana ni mchango wa mzazi, na sare, daftari na kalamu ni vyake. Serikali inatoa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Igawe kwa siku 194 za masomo, utapata kama shilingi 50 kwa siku, ambayo hainunui hata andazi moja kati ya yale anayobeba huyu binti alfajiri. Kwa kifupi, anakaanga usiku ili ale mchana shuleni, na akifika shuleni anasinzia kwa sababu alikaanga usiku. Nikiingiza haya kwenye fomu ya utoro, mfumo unaniambia nimekosea kujaza.

Ninalo pendekezo la safu mpya, kama ofisi itaridhia. Sasa hivi mnatuuliza ni wangapi walioacha shule, na tangu Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 mnatuuliza ni wangapi waliorejea. Hamjawahi kutuuliza aliyerejea baada ya kujifungua anamwachia nani mtoto wake mchanga, wala yule aliyepo anakuja akiwa amelala kwa saa ngapi. Safu hiyo ikiongezwa nitaijaza kabla ya saa sita, bila kukosa.

Ikishindikana kwa sababu za kibajeti, naomba vilivyo rahisi zaidi. Fimbo apewe mtu mwingine, au bora asipewe mtu. Magunia yapelekwe stoo. Nipunguziwe vipindi viwili vya Alhamisi nipate kwenda kwa shangazi nikiwa na mwenyekiti wa mtaa, tukaone kama maandazi yanaweza kukaangwa na mtu aliyemaliza shule. Takwimu zikusanywe mara moja kwa muhula, kwa sababu vyoo haviwezi kukimbia. Na yule mama wa nukta arudi, aingie madarasa yote, na karatasi yake ndiyo iwe taarifa. Hakuna hapo kinachohitaji mfadhili. Vyote vinahitaji barua yako moja yenye mhuri.

Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Darasa la Sita, Nidhamu, Unasihi, Michezo na Miti.

Nakala: Jalada.

Majibu yaje baada ya saa nane mchana. Kabla ya hapo nitakuwa nafundisha.