Ukifika Mvumi, Usimsaidie Nyuki

Hongera kwa kupata shamba Mvumi. Tunasema Mvumi ya Kilosa, siyo ile ya Dodoma. Wageni huchanganya, na ukishuka kule utaulizia mpaka wa shamba lako hadi jua lizame. Umeshalipa, umeshapanda alizeti, umeshajenga kibanda chenye dari, na uani una mwembe wa kivuli. Kilichobaki ni kujuana na wenyeji wanaovuma mle ndani ya mwembe. Usome mwongozo huu wote kabla hujaugusa mti. Tunajua utausoma baadaye, tena utasomewa, kwa kuwa macho yatakuwa yamefunga kwa uvimbe.

Kwanza, tofautisha mpita njia na mwenye nyumba. Kundi lililoning'inia tawini kama kifurushi liko safarini: halina masega, halina watoto, halina asali. Nyuki asiye na mali hana ugomvi. Wanafunzi watapita chini yake wakiimba na hakuna atakayedonolewa. Wewe utamtazama, utasema mbona nyuki wa huku wapole, utapiga picha. Kesho yake kundi litaingia darini kwako, nawe utaona ni baraka. Lipe wiki chache. Likishajenga, likazaa, likaweka akiba, yule mpole wa juzi ndiye baba mwenye nyumba na wewe ni mpangaji. Tahadhari: mpangaji huyo hapewi notisi.

Pili, vaa vizuri. Vizuri maana yake nguo nyeupe au ya rangi hafifu, bila marashi, bila kofia ya manyoya meusi. Nyuki humwona adui kwa weusi, kwa manyoya, kwa mtikisiko na kwa pumzi inayompulizia mlangoni. Usiende mzingani ukimenya ndizi mbivu. Nyuki akichoma huacha mwiba wenye kifuko cha sumu, na pale pale hutoka harufu ya kuwaita wenzake, harufu inayofanana sana na ya ndizi iliyoiva. Kwa hiyo mwiba mmoja ni tangazo, wa pili ni mkutano. Ukishachomwa, ukwangue mwiba haraka kwa ukucha, kwa maana kile kifuko huendelea kusukuma sumu hata mwenyewe akiwa ameshakufa. Mwenye mzio asijaribu hata hayo; kwake mmoja anatosha.

Tatu, jifunze kukimbia. Kanuni inajulikana na kila mtu: funika uso, nyoosha njia, ingia ndani, funga mlango. Usipungepunge mikono. Usijitose mtoni, watakusubiri juu. Na zaidi ya yote, usikimbilie penye watu. Kanuni hii ya mwisho utaisikia kwa wazee, kwa vijana na kwa watoto wa darasa la pili, na wote hao, siku yao ilipofika, walikimbilia penye watu. Wewe nawe utakimbilia kijiwe cha bodaboda. Kitakuwa kimetawanyika kabla hujafika, basi usitegemee usafiri.

Nne, na hapa kaa kitako: usimsaidie nyuki. Mwaka 1956 mtaalamu wa Brazil, Warwick Kerr, alitafuta malkia wa nyuki Afrika, maana nyuki wa Kizungu hawakuwa na tija katika joto la kwao. Wengi aliwapata Afrika Kusini, wachache hapa kwetu, Tabora. Aliwaweka karibu na Rio Claro, kwao Brazil, na kila mzinga ukawa na kizuizi mlangoni: kibarua apite, malkia abaki. Mwaka 1957 akapita mtu mwenye huruma, akaona vizuizi vile vinawabana viumbe wa Mungu, akaviondoa. Makundi 26 yakaondoka na malkia wao. Mwaka 1990 uzao wao ulipiga hodi Hidalgo, Texas, na mji ule baadaye ukawajengea sanamu kubwa ya nyuki. Hiyo ndiyo huruma. Ukiona kitu kimezibwa mlangoni pa mzinga wa jirani, salimia, pita.

Lakini habari yenyewe iko mbele. Nyuki hao hawakwenda Amerika kuomba kazi. Brazil walibaki wakali, wakabadilika Wabrazili: waliacha kufuga uani, wakapeleka mizinga mbali na nyumba na mazizi, wakaunda mabomba makubwa ya moshi, wakazalisha malkia kutoka makundi yenye afadhali. Leo asali yao inauzwa nchi za nje. Puerto Rico mambo yalikwenda kinyume. Nyuki walifika huko mwaka 1994, wakakuta kisiwa kimejaa watu. Kundi lililochoma hovyo liliangamizwa. Lililotulia likaachwa lizae. Maadui wa porini ni wachache, na pa kuhamia hapana, pande zote ni bahari. Haikupita hata miaka 15, watafiti wakakuta nyuki mwenye damu ya Afrika ambaye hana haraka ya kumchoma mtu. Mwaka 2017 wakachapisha na habari ya vinasaba vyake: upole umeingia mpaka kwenye damu.

Sasa tujihesabu na sisi. Kwa vizazi visivyohesabika, nyegere amepasua mzinga wa huku na kula vyote. Nyuma yake akaja mtu na mwenge wa majani makavu, akachoma kundi, akakomba asali, watoto na nta kwa mkupuo. Kundi lipi lilirinwa kwanza? Lile pole, ambalo hata mrina mlevi angeliweza. Kundi kali liliachwa, likagawanyika, likazaa. Puerto Rico waliua wakali. Sisi tuliwala wapole. Anayekufukuza leo kutoka mwembeni ni mhitimu wa shule yetu wenyewe, na amefaulu. Usiyaseme haya kwenye mkutano wa kijiji, hasa kama umeshapokea chupa ya asali.

Tano ni fupi. Huko Kenya, mtafiti Lucy King alithibitisha kwamba tembo akisikia mvumo wa nyuki huondoka, akitikisa kichwa na kuwaonya wenzake, na tangu hapo wakulima wamekuwa wakining'iniza mizinga kwenye waya kuzunguka mashamba. Mbinu hiyo imefika mpaka vijiji vya kando ya Udzungwa, si mbali na tembo wa Mikumi. Mnyama wa tani tano, mwenye ngozi kama tairi, amelielewa somo kwa kusikia tu. Wewe una ngozi yako hiyo, na utapanda ngazi.

Utapanda kwa sababu dari ni yako, hati ni yako, na umeona kwenye simu mtu akifanya. Basi sikiliza kidogo kabla ya kupanda. Mafuta ya taa hayafukuzi nyuki, yanaunguza paa. Tairi la kuchoma litawafukuza majirani. Mchana wa jua kali ndio saa yao ya hasira. Moshi mwepesi wa kuni na majani huwatuliza, kwa kuwa huficha ile harufu ya kuitana na kuwafanya wakimbilie kujaza matumbo asali, lakini moshi huo unataka mkono uliozoea. Mwenye mkono huo ni mrina asali, naye hufanya kazi yake giza likishaingia. Mtafute jioni. Mchana amelala; usimwamshe.