Bei Njoo Inboksi

Umeamua kufungua duka Instagram, na kwenye wasifu umeshaandika "Tupo Kariakoo". Hongera. Sasa ficha bei.

Mmachinga wa Mtaa wa Kongo hajaijua siri hii. Amerekodi sauti yake kwenye spika ya mkononi, nayo inarudia tangu asubuhi: "Buku mbili, buku mbili, chagua mwenyewe!" Mpita njia anaijua bei kabla hajaona kinachouzwa. Wewe una simu ya maana na bando la mwezi, huwezi kujishusha hivyo. Piga viatu picha kila pembe, tia muziki, andika "Bei njoo inboksi". Watu wakikomenti "Bei?", kila mmoja mjibu "Cheki DM". Huko DM usiwe na haraka. Muulize anaishi wapi na anataka pea ngapi. Wa Masaki, kwa wenye pesa, atajitaja mwenyewe kuwa ni wa Masaki, na hapo bei itakuwa imepatikana. Wapo watakaokwambia wanaficha kwa sababu ghorofa nzima inauza mzigo uleule, na jirani akiona bei yako anashusha ya kwake jioni hiyo hiyo. Hiyo ni kweli, na katika mwongozo huu wote nadhani ndiyo sababu pekee yenye akili.

Kuhusu kuwa na viatu vyenyewe, si lazima. Kariakoo ina mawinga: kijana anamdaka mteja Msimbazi, anamwingiza kwenye duka la mtu, anapachika cha juu, na mwenye duka anajifanya hajasikia. Wewe ni winga mwenye intaneti. Chukua picha kwenye ukurasa wa mwenzio, kata nembo yake. Maandishi ya Kichina yakibaki yaache, yanaonyesha umetoa mzigo kiwandani. Mteja akishalipa, kimbia Narung'ombe ukatafute kinachofanana. Namba 42 ikikosekana mpe 40, mwambie ngozi inatanuka.

Malipo, bila shaka, yanatangulia. Namba ikitoa jina lisilo lako, sema ni la shemeji. Mteja wa mikoani mwahidi kwamba mzigo utapanda basi Mbezi alfajiri, na picha ya risiti ya basi usimtumie mpaka aombe mara ya tatu.

Akisisitiza kuja dukani, mwambie, "Ukifika Kariakoo piga simu." Zamani ungemwelekeza kwa Soko Kuu tu, jengo lile alilolichora Beda Amuli, lililofunguliwa 1975, hata mgeni wa jana alilitambua. Liliungua Julai 10, 2021. Siku hizi ashuke mwendokasi Gerezani, asogee hadi sheli ya Big Bon, asimame na simu mkononi akikuuliza njia. Vijana wa pale nao watafurahi kuiona hiyo simu. Kukiwa na mgomo wa wafanyabiashara kama ule wa Mei 2023, maduka yote yamefungwa, usimwambie kitu. Posti "Mzigo mpya umeshuka".

Lugha ifuate pesa. Kabla ya kulipa, mteja wa kike ni "mpenzi" na wa kiume ni "bosi". Muamala ukisoma, wanakuwa "dada" na "kaka". Wakiuliza mzigo umefika wapi, ni "wewe", na jibu ni "Mbona huna subira, unadhani uko peke yako?" Usiku tiki zinageuka bluu na kimya kinaanza. Asubuhi posti aya ya dini.

Itatokea siku mmoja atakomenti hadharani kwamba kaletewa viatu viwili vya kushoto. Usimjibu kwa kumbadilishia, wengine watazoea. Mkumbushe kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, ambayo bahati nzuri imeandikwa kwenye kila kitabu cha risiti Kariakoo, ingawa wewe risiti hukumpa. Kisha futa komenti, mbloku, na tangaza kwamba wenye wivu wanakuchafulia jina.

Ukiona skrinishoti zimeanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, fungua ukurasa mwingine. Jina libaki lile lile, ongeza "original" mwishoni. Picha zipo. Wa kukomenti kwanza awe binamu yako: "Nimepokea mzigo wangu leo, mko vizuri sana, Mungu awabariki." Wa pili atauliza bei.