Miaka 999 kwa Mto Rufiji
London, wenye fleti wanaomiliki ardhi ya jengo kwa pamoja hujiomba wenyewe nyongeza ya muda wa pango, wakajikubalia, wakamlipa wakili: miaka 999. Hongereni! Kwetu Tanzania umiliki huru wa ardhi wa namna hiyo ulifutwa 1963. Ardhi ni ya umma, Rais mdhamini, na hati ya mjini mwisho miaka 99. Ila mwanakijiji wa Rufiji anawashinda nyote: hatimiliki yake ya kimila, kwa sheria ya 1999, yaweza kukosa ukomo kabisa. Inafungwa kwenye nailoni, inachomekwa darini, juu ya mpunga. Aprili 2024 mto ukaingia Muhoro, hukohuko Rufiji, hadi vyumbani, bila hodi. Hati haukuomba kuiona. Sasa, dalali wa viwanja wa Kibiti, wewe kiwanja unachouza kiko mwinuko gani vile?