Sifa za Gugu Maji, Mkufunzi wa Wavuvi

Karibu kila kiumbe cha Ziwa Victoria kimepata msemaji wake. Ngege anasifiwa na walaji, omena na wachuuzi, mbuta na wenye viwanda vya minofu, na hata viboko wa Hippo Point wana watalii wa kuwapiga picha. Gugu maji peke yake ndilo linalotajwa kwa laana tu, tangu lilipoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 likiwa limetoka mbali sana, kwao Amazoni. Huu ni uonevu. Anayevua kwa ndoano kwa ajili ya mchezo, na anayetaka mkono wake uwe hodari, hatapata Kisumu nzima mkufunzi wa kulifikia gugu hili kwa ukali, kwa mahudhurio, wala kwa kukataa rushwa.

Tuanze na uvuvi unaosifiwa, ili tuone upungufu wake. Mbuta aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 upande wa Uganda, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa ameyatawala maji, huku mamia ya aina za samaki wadogo waitwao fulu yakitoweka. Rusinga na Mfangano zikajipatia kambi za kitalii. Wageni waliletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara wavue, wale, kisha warudi kutazama simba. Mwaka 1991 alinaswa karibu na Rusinga mbuta wa karibu kilo 87. Ni sifa kubwa, lakini ni ya nani? Njia iliyozoeleka huko ni kuburuta chambo bandia nyuma ya boti. Nahodha ndiye ajuaye mwamba ulipo, injini ndiyo inayokipa chambo uhai, na mgeni ameketi na soda mkononi akingoja ufito upinde. Heshima ya samaki yule ikigawanywa kwa haki, mgeni atabaki na picha. Sasa mlete mgeni huyo huyo Ghuba ya Winam katika msimu wa magugu. Muda si muda mizizi imejisokota kwenye rafadha, injini imenyamaza, na habari ya kuburuta chambo imekwisha. Kilichobaki ni kusimama, kutazama na kurusha. Somo la kwanza limeanza, na hakuna aliyeombwa ridhaa.

Litazame gugu lenyewe kwa karibu. Jani ni la mviringo, nene, linang'aa. Shina limevimba, na ukilipasua unakuta sifongo iliyojaa hewa. Ua ni la zambarau, na petali yake ya juu ina doa la manjano. Chini inaning'inia mizizi myeusi yenye manyoya, isiyoshika tope wala mwamba, na humo hujificha uduvi na vifaranga vya samaki. Kwa hiyo samaki wawindaji huzunguka ukingoni, na chambo sharti kiangukie hapo hapo ukingoni. Kikipungukiwa na mita mbili, hakuna wa kukiona; kikizidi shubiri moja, ndoano imenasa shina na mvuvi anavuta kilo tano za mboga zisizolika. Adhabu hutolewa papo hapo, bila barua ya onyo. Baada ya adhabu za kutosha mvuvi huachana na ndoano zenye ncha tatu, hutumia ndoano moja aliyoificha ncha ndani ya chambo cha mpira, na hujifunza kurusha chini chini badala ya kutupa angani akimwachia Mungu. Hujifunza pia upepo. Asubuhi upepo wa nchi kavu huyasukuma magugu kuelekea maji makuu. Alasiri upepo wa ziwa huyarudisha mjini. Asiyelijua hilo huweza kuikuta njia ya ufukwe wa Dunga imefungwa wakati wa kurudi, na akapata nafasi ndefu ya kurudia masomo yake kimoyomoyo.

Kilele cha mafunzo ni kupambana na samaki aliyekwisha kunaswa, na hapa gugu linastahili kulinganishwa na shule ghali za Pwani. Wanaomfuata kolekole mkubwa huko Watamu na Shimoni wanajua kwamba samaki yule akishachomwa na ndoano hukimbilia matumbawe, na mshipi ukisuguana na tumbawe umekatika. Mambo huamuliwa katika sekunde chache za mwanzo. Breki ya rili iwe imekazwa kabla ya kurusha, fundo liwe limejaribiwa kwa kuvutwa kwa nguvu, ufito ushikwe chini, na miguu na kiuno vibebe uzito ambao mikono peke yake haiwezi. Kuyajifunza hayo baharini kunagharimu kukodi boti na kupoteza vyambo vya bei mbaya. Mumi, yaani kambare wa Kisumu, hufundisha jambo lile lile, maana naye akinaswa hutumbukia kwenye mizizi, na aliyelegeza breki amekwisha. Tena gugu lina insafu ambayo tumbawe halina. Tumbawe hukata mshipi na kuondoka na ushahidi. Gugu huuzungusha mshipi kwenye mashina yake, hulishikilia fundo bovu mahali pake, na humngoja mwenye fundo aje alikague.

Mpinzani atasema kwamba mbuta hayuko humo. Ni kweli. Chini ya tandiko la magugu mwanga haupenyi, majani yanayooza hula oksijeni, na mbuta ni samaki asiyestahimili maji yenye oksijeni haba. Wanaobaki ni kamongo na mumi, ambao huweza kuvuta hewa ya juu, na watafiti wa ziwa waliona samaki hao wakiongezeka ghubani magugu yalipoenea. Lakini mkufunzi huyu hakuahidi kombe, aliahidi mkono. Aliyehitimu kwa mumi katikati ya mizizi, akienda kesho Mfangano kwenye maji meupe, hatamwomba nahodha amshikie ufito.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na msifuji hana budi kupunguza sauti. Mwaka 1998 magugu yalifunika zaidi ya hekta 17,000 upande wa Kenya. Mitumbwi ilikwama, nyavu zilipotea, konokono wa kichocho walipata makazi, na wanawake waliongoja samaki ufukweni walirudi nyumbani na beseni tupu. Mvuvi wa mchezo hujiandikisha mwenyewe kwenye shule hii, na akichoka hurudi hotelini. Mvuvi wa nyavu hakuomba darasa lolote, naye ndiye anayelipishwa karo. Sifa zote nilizotoa ni haki ya yule wa kwanza tu. Kwa huyu wa pili, gugu ni njaa yenye ua zuri.

Basi kwa nini mkufunzi huyu hafukuzwi? Imejaribiwa kumfukuza. Kuanzia mwaka 1997 waliachiliwa fukusi wa kula majani yake, na mwishoni mwa muongo ule ikaletwa mashine ya kuyakatakata magugu, vipande vikazama mumo humo na kuoza, vikalirudishia ziwa rutuba ile ile. Magugu yalipungua sana baada ya El Niño, watu wakasherehekea, kisha yakarudi kwa kishindo baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa 2006. Siri ni kwamba mshahara wake haujawahi kusimamishwa. Mbolea na udongo wa mashambani humfikia kupitia Mto Nyando, maji taka ya mji humfikia kupitia Mto Kisat, na malipo hayo hayajachelewa hata mwezi mmoja. Ni watumishi wangapi wa kaunti wanaoweza kusema hivyo? Gugu halikuvamia ghuba; liliajiriwa, na sisi ndio mwajiri.

Kwa hiyo anayetaka kumwachisha kazi asimtegemee mdudu wala mashine peke yake. Aufunge mkono unaolipa. Maji taka yakisafishwa kabla ya kumwagwa na udongo ukibaki shambani, gugu litadhoofika lenyewe. Lawama moja itabaki: wavuvi wa mchezo watarudi kuburuta chambo nyuma ya injini, na ustadi wao utapungua kwa kasi ya kusikitisha. Hiyo ndiyo hasara pekee ninayoweza kuiorodhesha dhidi ya kulisafisha ziwa, na nadhani bajeti ya kaunti inaweza kuimudu.